Betri Yako Isiwe Kisingizio Chao
Hotuba fupi kwa vijana wa Mpepai, Mbinga

 

Siku hizi kila anayepata hela ya kahawa anaulizia betri na inveta. Simlaumu mtu. Ila tupige hesabu kwanza.

Betri ya volti 12, Ah 100, ikijaa inabeba uniti 1.2, uniti zilezile za LUKU. Kama ni ya asidi, tumia nusu tu, yaani 0.6, la sivyo unaiua mapema. Taa nne za wati 9 kwa saa sita: uniti 0.2. Televisheni ya wati 50 kwa saa nne: 0.2 nyingine. Inayobaki ni ya simu na ya kulishia inveta yenyewe. Pasi? Usithubutu. Ya lithiamu inakupa zaidi, lakini bei yake mnaijua.

Sasa chukua mashine ya kusaga ya kilowati 7.5. Uniti 0.6 haziifikishi hata dakika tano. Kwa hiyo betri inamulika sebule, lakini haisagi mahindi wala haichomelei geti. Umeme ukikatika, fundi bado amekaa tu.

Na unakatika kwa nini? Kabla ya laini ya Makambako–Songea, mkoa wetu ulitegemea sana majenereta ya dizeli. Mwaka 2023 tukaambiwa umeme hautoshi, nchi ikaingia kwenye mgao. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere ukawashwa, megawati 235. Machi, TANESCO ikazima mitambo mitano ya maji, ikisema umeme umezidi mahitaji! Jamani, kama umezidi, giza letu linatoka wapi? Serikali yenyewe inataja miundombinu: nguzo, nyaya, transfoma. Hizo betri yako haitazikarabati, na wakituona tumenyamaza na betri zetu, nani atazikarabati?

Mimi nasoma sheria, basi nawaambia: mteja ana haki. Andika tarehe na saa kila umeme unapokatika. Peleka malalamiko TANESCO kwa maandishi, baki na nakala. Wasipotatua, nenda EWURA. Na kuna EWURA CCC, baraza la kututetea watumiaji. Barua ya mtu mmoja ni rahisi kuiweka kando. Ya mtaa mzima, yenye tarehe na sahihi, wataijibu.

Mwenye uwezo anunue betri, watoto wasome. Lakini kesho kila mtaa ufungue daftari lake.