Udongo, Wavu na Nondo: Kujaribu Vifaa vya Ujenzi katika Usanifu wa Leo

Kwa karne nyingi mafundi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar walipima upana wa chumba kwa urefu wa boriti ya mkoko. Boriti hiyo haivuki sana mita tatu, ndiyo maana vyumba vya nyumba za mawe na chokaa ni virefu na vyembamba. Sultani Barghash alipojenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, aliivunja kanuni hiyo kwa nguzo za chuma cha kusubu na sakafu za zege zilizobebwa na mihimili ya chuma. Kwa pwani hii lilikuwa jaribio kubwa la vifaa, nalo lilisimama zaidi ya karne moja. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka, jengo likiwa katika ukarabati, na watu wakapoteza maisha.

Mada hii haiwatishi wasanifu wenye mawazo mapya. Inachodai ni kwamba kifaa kipya hakijajaribiwa mpaka ijulikane nani atakitengeneza, nani atakirekebisha na mvua zitakifanya nini. Picha nzuri ya siku ya uzinduzi haijibu hata moja kati ya hayo.

Gando, kijiji cha Burkina Faso, kinafundisha mengi katika hili. Diébédo Francis Kéré, mzaliwa wa hapo, alikuwa bado anasomea usanifu Berlin alipochangisha fedha za kujenga shule ya msingi iliyokamilika mwaka 2001. Alichagua udongo. Wanakijiji walisita, na walikuwa na haki: walishaona kuta za udongo zikilainika kila masika, na shule waliyoiota ilikuwa ya zege. Kéré hakuja na udongo uleule. Aliuchanganya na saruji kidogo, ukashindiliwa kwa mashine ya mkono kuwa matofali, kisha akayakinga kwa paa lililotokeza mbali nje ya kuta.

Paa lenyewe ndilo lenye ufundi zaidi. Bati likikaa moja kwa moja juu ya darasa hugeuza chumba kuwa tanuri. Hapa lilinyanyuliwa juu ya dari ya matofali yenye matundu, hewa ya moto ikapata pa kutokea. Kilicholibeba ni nondo za kawaida, zile za kuwekwa ndani ya zege, zilizokatwa kwa msumeno wa mkono na kuchomelewa papo hapo kuwa kenchi nyepesi. Hakuna winchi iliyohitajika. Vijana waliojifunza kazi hiyo walibaki na ujuzi wa kwenda nao kwenye ujenzi mwingine. Shule hiyo ilipata Tuzo ya Aga Khan mwaka 2004, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker.

Kigali nako, uwanja wa kriketi wa Gahanga uliofunguliwa mwaka 2017 umefunikwa kwa matao ya vigae vyembamba vya udongo uliochanganywa na saruji bila kuchomwa. Tao kubwa lina upana wa mita 16. Kwa kuwa Rwanda hupatwa na mitetemeko, wavu wa plastiki ulilazwa kati ya tabaka za vigae.

Karibu zaidi na nyumbani kuna Magoda, wilayani Muheza, Tanga. Hapo watafiti wa malaria na wasanifu walijenga nyumba za mfano zenye kuta za mianzi, mbao au wavu wa kivuli, ule unaotandazwa juu ya vitalu vya miche. Nyingine zilikuwa za ghorofa, watu walale juu, kwa kuwa mbu wengi huruka karibu na ardhi. Walihesabu mbu na kupima joto la usiku, wakalinganisha na nyumba za kawaida za hapohapo. Mbu walipungua sana, hasa kwenye nyumba za ghorofa, na vyumba vikawa baridi zaidi. Baadaye wazo hilo lilipelekwa Mtwara, zikajengwa nyumba 110 ili afya ya watoto wanaoishi humo ifuatiliwe. Ni nadra msanifu kukubali kazi yake ipimwe hivyo, na inasikitisha kwamba ni nadra.

Kwa kulinganisha, tazama matofali ya udongo na saruji ya kufungamana yanavyotengenezwa kwenye viwanja vingi vya kwetu. Udongo huchukuliwa popote. Kumbe kipimo cha kwanza hakihitaji maabara: tia udongo na maji kwenye chupa ya kioo, tikisa, acha utulie, mchanga utakaa chini na mfinyanzi juu, na kila tabaka litaonekana kwa macho. Mfinyanzi ukizidi, tofali litapasuka. Kisha saruji, ambayo kwa kawaida ni asilimia 5 hadi 10, inahitaji unyevu ili ishike. Tofali lifunikwe na kumwagiwa maji kwa wiki nzima angalau. Fundi aliyezoea tofali la kuchoma hulianika juani siku ileile, na ukuta ukimomonyoka lawama zote huangukia udongo.

Kosa hilo huanzia kwenye makaratasi. Mkadiriaji majenzi huorodhesha mifuko ya saruji, nondo na kokoto, lakini mara nyingi hakuna mstari wa kupima udongo, wa mafunzo ya mafundi wala wa ukuta wa mfano. Pendekezo kwa semina hii ni kwamba kila mradi wenye kifaa kipya utenge fungu la ukuta wa mfano, ujengwe kwenye kiwanja chenyewe na mafundi walewale watakaojenga jengo, uachwe upigwe na masika moja, ndipo michoro ya mwisho itiwe saini. Mteja atalalamika kuhusu muda. Mkataba unaweza kumjibu mapema, kwa kuanza kazi ya msingi wakati ukuta huo ukingojea mvua.