Vidonda vya Tumbo Vina Chanzo, na Vina Tiba



Nimeombwa kusema machache juu ya afya. Mimi si daktari, ni mtumishi wa serikali niliyepata kuugua vidonda vya tumbo, nikapimwa, nikatibiwa, nikapona. Nasimama hapa kwa sababu wengi wetu tunauchukulia ugonjwa huu kama mgeni asiyeondoka. Tunaacha maharage, tunaweka vidonge vya kutuliza tumbo katika mtoto wa meza ofisini, na miaka inapita.

Tumbo hutoa asidi kali ya kusaga chakula, na ukuta wake hulindwa na ute. Ulinzi huo ukiharibika, asidi huula ukuta wenyewe. Hapo hutokea donda, ama tumboni, ama katika duodeni, yaani mwanzo wa utumbo mwembamba.

Zamani lawama zote zilitupiwa pilipili na mawazo. Lakini mwaka 1982, huko Perth, Australia, madaktari Robin Warren na Barry Marshall walifanikiwa kuotesha bakteria waliotoka katika matumbo ya wagonjwa. Mwaka 1984 Marshall aliwanywa bakteria hao mwenyewe, na ukuta wa tumbo lake ukavimba. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Bakteria hao huitwa Helicobacter pylori, na aghalabu huingia mwilini utotoni. Si kila aliye nao hupata vidonda, lakini ndio chanzo kikubwa.

Chanzo cha pili ni dawa za maumivu kama asprini, diklofenaki na ibuprofeni. Mwenzangu mmoja kazini alikuwa akijinunulia diklofenaki kwa ajili ya mgongo. Tumbo halikumwuma hata siku moja. Asubuhi moja alipata choo cheusi kama lami, na kabla ya saa sita akaanguka. Aliokolewa kwa kuongezewa damu. Ndugu zangu, donda laweza kutoboka au kuvuja damu bila kupiga hodi. Hata hivyo, aliyeandikiwa asprini kwa ajili ya moyo asiiache kabla ya kumwona daktari.

Maumivu ya chembe ya moyo, hasa ukiwa na njaa au usiku, hayatoshi kuthibitisha ugonjwa. Bakteria hupimwa kwa choo au kwa pumzi. Kipimo cha damu kina upungufu, kwani chaweza kuonyesha maambukizo yaliyokwisha pita. Donda lenyewe huonekana kwa mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa kinywani. Mweleze mpimaji dawa ulizomeza karibuni, maana omeprazoli na antibiotiki huweza kuwaficha bakteria.

Wakionekana, mgonjwa hupewa dawa ya kupunguza asidi pamoja na antibiotiki zaidi ya moja, kwa kawaida kwa siku 14. Hapa ndipo wengi hushindwa. Maumivu hupoa siku ya tano, vidonge vikaachwa, na bakteria waliosalia wakawa sugu. Maliza dozi, kisha upimwe tena baada ya wiki nne au zaidi. Maziwa hutuliza kwa muda mfupi tu, na sigara huchelewesha donda kupona.

Anayetapika damu, anayepata choo cheusi, au anayeshikwa na maumivu makali ya ghafla, apelekwe hospitali saa ile ile. Anayekonda bila sababu au kupata shida ya kumeza naye asikawie kupimwa.

Nanyi vijana, naweni mikono kwa sabuni, kunyweni maji salama. Mkirudi nyumbani likizo, mkamkuta mzee anavumilia tumbo mwaka wa kumi, msimwongezee vidonge vya dukani. Mshikeni mkono mwende naye akapimwe.