Jumba la Sanaa Halikuifufua Bilbao



Ipo hoja inayorudiwa katika kila kongamano la mipango miji: mtaa wa viwanda uliokufa ujengewe jumba la sanaa, nao utafufuka. Shahidi wake ni mmoja, mji wa Bilbao nchini Hispania. Jumba la sanaa la Guggenheim, lililosanifiwa na Frank Gehry, lilifunguliwa Oktoba 1997, watalii wakamiminika. Nimekuja kuibomoa hoja hiyo.

Tazameni kilichotangulia. Mto Nervión ulikuwa umejaa taka za viwanda na majitaka ya mji. Kazi ya kuusafisha ilianza miaka mingi kabla ya Gehry kuitwa, na ilimeza fedha nyingi kuliko jumba lake. Mwaka 1992 liliundwa shirika la umma, Bilbao Ría 2000, kusimamia ardhi iliyoachwa na reli na bandari. Mwaka 1995 ikazinduliwa metro yenye vituo vilivyosanifiwa na Norman Foster. Shughuli za bandari zikasogezwa kuelekea baharini. Guggenheim iliwekwa juu ya kazi hiyo yote. Mgeni huona titani inayong'aa. Mabomba ya majitaka hayapigwi picha.

Nilipotembea kando ya mto ule, mzee mmoja aliyekuwa mchomeleaji wa meli katika kiwanda cha Euskalduna, kilichofungwa miaka ya 1980, alinionyesha Carola, kreni nyekundu iliyohifadhiwa pale. Aliisifu Guggenheim kwa dhati. Kisha akaniuliza mjukuu wake atapanga chumba wapi.

Swali lake limejibiwa vizuri kuliko popote katika kitabu cha Sharon Zukin, Loft Living, cha mwaka 1982, ambacho kila kizazi cha wanafunzi wangu hukisoma. Zukin aliichunguza SoHo, New York. Wasanii waliingia katika maghala na viwanda vidogo kinyume cha sheria; mwaka 1971 mji ukawahalalishia makazi; wenye fedha wakafuata, kodi zikapanda. Wengi wangeishia hapo. Zukin akaenda mbali zaidi, na hapo ndipo ukuu wake: alionyesha kwamba si viwanda vyote vilijifia. Vingine vilikuwa bado vinazalisha, vikasukumwa nje na wenye majengo walioona faida kubwa zaidi katika makazi. Sanaa ikatumika kuipamba biashara ya ardhi. Ushahidi wake umetoka kwenye sheria, mikopo na kodi za pango, ndiyo maana haujachakaa.

Nakiri kwamba Guggenheim imeleta wageni, ajira na mapato. Nakiri pia kwamba ghala likipata wasanii hubadilika kweli. Kituo cha sanaa cha GoDown, kilichoanza mwaka 2003 katika Industrial Area ya Nairobi, kiliwapa wachoraji, wanamuziki na wachezaji mahali pa kufanyia kazi. Hata hivyo msimamo wangu ni huu: mwenye ardhi ndiye mwenye mtaa. Kule Granby, Liverpool, wakazi walisafisha mitaa iliyotelekezwa na kupanda maua, wakaunda amana ya ardhi ya jamii, ndipo wakafanya kazi na kundi la wasanifu la Assemble, lililopata Tuzo ya Turner mwaka 2015. Hati ilitangulia tuzo.

Nawaomba wataalamu wa mipango miji mliomo ukumbini: kabla hamjamwita msanifu, andikeni ni nani atakayeimiliki ardhi, na wapangaji wa leo watalindwa kwa sheria ipi.