Daftari Lisilo na Jina Sahihi



Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo hutumiwa kuwahimiza watu waandike. Lakini liko jambo la pili ambalo methali haikulitaja: mali inaweza kuandikwa, ada ikalipwa, mhuri ukagongwa, na bado ikapotea kwa sababu jina lililoandikwa silo. Wakopeshaji wa Marekani wamejifunza somo hilo kwa hasara, na somo lenyewe linamhusu kila mtu ambaye kazi yake ni kuandika majina ya watu.

MSINGI WA JAMBO

Nchini Marekani, mkulima anayetaka trekta au mwenye duka anayetaka bidhaa aweza kukopa kwa kuweka dhamana mali inayohamishika. Mali hiyo hubaki mikononi mwake naye huendelea kuitumia. Mkopeshaji wa pili atajuaje basi kwamba trekta analoliona shambani limekwisha kuwekwa dhamana kwa mwingine? Jibu limo katika Kanuni ya Sheria za Biashara, iliyotolewa mwaka 1952 na baadaye kupitishwa na majimbo. Sura yake ya Tisa humtaka mkopeshaji apeleke katika daftari la jimbo taarifa fupi yenye jina la mdaiwa, jina la mdai na maelezo ya mali. Taarifa hiyo kwa kawaida hudumu miaka 5, na hapana budi iongezewe muda kabla haijakwisha.

Daftari hilo hupangwa kwa jina la mdaiwa. Hapo ndipo uzito wa jambo ulipo. Kosa dogo katika anwani au katika maelezo mengine laweza kusamehewa, maana taarifa yenyewe itaonekana. Lakini jina likikosewa, taarifa huwa kama jalada lililowekwa katika kabati lisilo lake: lipo masjala, na halipo.

JINA LA NYUMBANI NA JINA LA SHERIA

Mwaka 2004 jopo la rufaa la kesi za ufilisi liliamua shauri la mkulima mmoja wa jimbo la Kansas. Jina lake la sheria lilikuwa Terrance, ila jirani na rafiki walimwita Terry. Kampuni iliyomkopesha kwa dhamana ya zana mbili za kilimo iliandika Terry. Mkulima alifilisika, na utafutaji katika daftari kwa jina la sheria haukuitoa taarifa ya kampuni. Jopo likaamua kwamba jina la kuitwa halitoshi, na dhamana ya kampuni haikuweza kusimama mbele ya mfilisi.

Lakini jina la sheria ni lipi hasa? Mtu aweza kuwa na jina moja katika cheti cha kuzaliwa, jingine katika pasipoti, na la tatu katika leseni ya udereva. Ili kuumaliza ubishi huo, marekebisho ya mwaka 2010, yaliyoanza kutumika katika majimbo mengi tarehe 1 Julai, 2013, yaliyapa majimbo njia mbili. Ya kwanza, iliyochaguliwa na majimbo mengi, husema kwamba mdaiwa mwenye leseni ya udereva ya jimbo, ambayo muda wake haujakwisha, huandikwa kama alivyoandikwa katika leseni hiyo, wala si vinginevyo. Ya pili huikubali leseni, lakini haiyakatai majina mengine ya kweli. Kwa makampuni, jina ni lile lililomo katika hati ya kuundwa kwake iliyosajiliwa serikalini. Jina lililochorwa juu ya mlango wa duka peke yake halitoshi.

Tena jina si kitu cha kuandikwa mara moja na kusahauliwa. Mdaiwa akibadili jina hata taarifa ya zamani ikawa ya kupotosha, taarifa hiyo huendelea kulinda mali aliyokuwa nayo na ile atakayoipata katika miezi 4 inayofuata. Mali itakayopatikana baadaye hailindwi mpaka taarifa isahihishwe.

NENO MOJA LILILOFUPISHWA

Sheria haikukosa huruma kabisa. Inasema kwamba iwapo mtu atatafuta kwa jina sahihi, kwa kufuata utaratibu wa kawaida wa utafutaji wa ofisi ile, na taarifa yenye kosa ikatokea, basi kosa hilo halidhuru. Kompyuta za ofisi nyingi hazijali nukta wala herufi kubwa. Hata hivyo kila ofisi ina utaratibu wake.

Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya jimbo la Florida iliulizwa kuhusu kampuni iitwayo 1944 Beach Boulevard, LLC. Benki ilikuwa imelifupisha neno Boulevard na kuandika Blvd. Daftari la Florida lilikuwa likitoa orodha ya majina 20 kwa ukurasa, na mtafutaji angeweza kufunua kurasa mbele na nyuma mpaka amalize daftari zima. Mahakama ikaona kwamba huo si utaratibu wa kawaida wa utafutaji unaotajwa na sheria, kwa hiyo msamaha hauna mahali pa kushika. Ufupisho wa neno moja, ambao karani yeyote angeuona wa kawaida, uliifanya taarifa kuwa ya kupotosha.

Wako watakaosema kwamba huo ni ukali uliopita kiasi, kwani mdaiwa alijua kwamba anadaiwa. Ni kweli alijua, na baina yake na mdai deni halikufutwa. Lakini daftari halikuwekwa kwa ajili ya hao wawili. Limewekwa kwa ajili ya mtu wa tatu ambaye hakuwapo walipopatana, na ambaye hana macho mengine isipokuwa daftari. Yeye akitakiwa akisie kila lakabu na kila ufupisho, daftari litakuwa halina maana.

WAJIBU WA MWENYE KALAMU

Majirani wa Kenya, kwa sheria yao ya mwaka 2017 kuhusu dhamana juu ya mali inayohamishika, hutumia pia namba ya kitambulisho cha mdaiwa. Hiyo ni tahadhari njema, ila namba nayo huandikwa na mkono wa binadamu.

Kwa hiyo mtumishi asiandike jina kwa kusikia. Aiombe hati, ainakili herufi kwa herufi, kisha atafute katika daftari kwa jina hilo hilo aone kama alichokiandika kinaonekana. Na mwalimu anayemwandikisha mtoto siku ya kwanza ya shule asilikate jina kwa kuwa ni refu, wala asilinyooshe kwa kuwa ni geni masikioni mwake. Jina hilo litamfuata mtoto katika vyeti, na kutoka vyeti mpaka benki. Kosa la dakika moja darasani laweza kudaiwa riba miaka 30 baadaye, na atakayeilipa siye aliyelifanya.