Meno Tisa au Kumi na Mawili: Difu, Giaboksi na Barabara ya Kisenge



Hadi mwaka 1975 manganizi ya mgodi wa Kisenge, huku Kongo, ilisafiri kwa treni. Ilipita Dilolo mpakani, ikavuka Angola yote, ikafika bandari ya Lobito. Vita vya Angola vilipoifunga njia ile, marundo ya madini yalibaki yamelala mgodini. Naanza na reli kwa makusudi. Kwenye tambarare, tani moja juu ya reli huvutwa kwa nguvu ya kilo mbili tatu. Juu ya udongo mwekundu uliolowa, kilo hamsini hazitoshi. Mzigo unaposhuka behewani ukapanda lori, tofauti hiyo yote inabebwa na meno ya gia.

Na manganizi hudanganya macho. Mita moja ya ujazo ya mchanga ina kama tani 1.6, ya manganizi hupita tani 2. Dereva akigeuka anaona bodi ni nusu tupu, kumbe lori limeshajaa zamani.

Giaboksi ya lori kama hilo ikifa, lawama humwangukia dereva. Mimi nasema mara nyingi kosa lilifanyika siku ya kununua lori. Ndani ya ekseli ya nyuma, ile ambayo huku kwetu Kongo tunaiita pont na wenzetu wa Dar es Salaam huiita difu, pinioni ndogo huzungusha krauni kubwa. Krauni ya meno 37 ikikutana na pinioni ya meno 12, uwiano ni 3.08. Weka seti yenye pinioni ya meno 9, uwiano unakuwa 4.11. Kwa mvuto uleule kwenye tairi, giaboksi upande wa kutokea na propela, ile shafti inayoiunganisha na difu, sasa hubeba robo tatu tu ya nguvu ya kwanza.

Lori lililoundwa kwa barabara kuu za Ulaya huja na uwiano wa karibu 3, au chini yake. Lipe manganizi na kilima chenye matope: dereva atashikilia klachi nusunusu ili liondoke, kisha atakaa gia ya tatu hadi juu. Katika gia ya moja kwa moja nguvu hupita bila kuyachosha meno. Katika gia za chini, yote hupita kwenye shafti ya pembeni, meno yanasukumana na beringi zinabanwa. Mafuta yanachemka, yanakuwa mepesi, chuma kinagusana na chuma. Fundi akifungua kizibo cha chini anakuta mafuta meusi yanayonuka kuungua, na sumaku ya kizibo imeota ndevu za chuma.

Uwiano mkubwa nao una gharama yake. Kwa tairi lenye mzingo wa mita 3.2, mwendo wa kilomita 80 kwa saa katika gia ya moja kwa moja hutaka injini izunguke mara 1,285 kwa dakika kwenye 3.08, na mara 1,710 hivi kwenye 4.11. Anayekimbia lami ya kwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kila siku atalipa kwa dizeli. Anayekwenda Kisenge, achague 4.11 au zaidi. Hapo sina shaka. Na lori la ekseli mbili za kuvuta, zote mbili ziwe na uwiano mmoja, la sivyo difu ya kati, inayogawa nguvu baina ya ekseli hizo, itasagika.

Huna kitabu cha lori? Chukua chaki. Kwenye lori la ekseli moja ya kuvuta, zuia magurudumu kwa mawe, weka gia huru, inua upande mmoja tu wa nyuma, achia breki. Piga alama kwenye gurudumu na kwenye propela. Zungusha gurudumu mara mbili kamili, mwenzako ahesabu mizunguko ya propela. Ikizunguka mara tatu na kidogo, hilo si lori la Kisenge. Nawaomba mfanye hesabu hiyo uani kwa muuzaji, kabla ya kutoa pesa.