Kupitia Historia ya Dunia Kabla ya Mtihani

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanafunzi wa darasa la jioni)



Tumeitwa hapa jioni hii tuwapitishe katika historia ya dunia nzima kwa muda wa saa moja na nusu. Kazi hiyo haiwezekani, na mtu akiwaahidi kwamba inawezekana basi anataka ada zenu tu. Linalowezekana ni kuwaonyesha namna ya kuufunga mzigo huo ili ubebeke. Wengi wenu mmetoka kazini moja kwa moja, wengine sokoni, wengine gereji, na tunawaona akina mama waliokuja na watoto mgongoni. Mnakwenda kufanya mtihani kama watahiniwa wa kujitegemea, na ada mmelipa wenyewe. Kwa baadhi yenu hii ni mara ya pili au ya tatu. Kwa hiyo salamu ndefu tutaziacha.

Tumesoma majaribio yenu ya mwezi uliopita, na twasema wazi kwamba bidii ipo. Lakini wengi mmekariri miaka. Mtu ameandika 1789, 1884, 1914, 1945, moja chini ya nyingine, kama anayesoma namba za mabasi. Msahihishaji hamwulizi mtu mwaka peke yake. Anamwuliza kwa nini jambo lilitokea, na baada yake kikafuata nini. Anayejua miaka kumi pamoja na sababu zake atampita anayejua miaka hamsini mitupu.

Kwanza tuondoe kosa dogo linalokula alama. Karne ya 15 ni kuanzia mwaka 1401 hadi 1500. Siyo miaka ya elfu moja mia tano na kitu. Na miaka ya kabla ya Kristo huhesabiwa kwa kurudi nyuma, kwa hiyo mwaka 221 K.K. uko karibu nasi kuliko mwaka 3000 K.K. Msicheke. Katika karatasi tulizosoma, wako waliomweka Firauni baada ya Kaisari.

Sasa tuje kwenye enzi zenyewe. Vitabu vingi husema Enzi za Kale, Enzi za Kati na Enzi Mpya. Majina hayo waliyatunga watu wa Ulaya kwa kutazama nyumba yao. Kwao Enzi za Kale ziliisha mwaka 476, dola ya Rumi ya Magharibi ilipoanguka, na Enzi Mpya zikaanza merikebu zao zilipovuka bahari kuu mwishoni mwa karne ya 15. Katikati ya hapo wengine wakaweka kipande wakakiita Enzi za Giza. Giza la nani? Katika miaka hiyo hiyo mji wa Baghdad, uliojengwa mwaka 762, ulikuwa na wataalamu waliotafsiri vitabu vya Wayunani, na al-Khwarizmi akaandika kitabu ambacho kimetupa jina la aljebra. Huko China, kitabu cha Kibudha kilichopigwa chapa kwa vibao vya mbao mwaka 868 kipo hadi leo. Hatuwakatazi kutumia majina ya Ulaya, maana swali laweza kuyataja. Tunalokataa ni kuyameza bila kutafuna, kwa sababu mwanafunzi anayeyameza hivyo huandika jibu ambalo ndani yake Afrika inaingia duniani siku Vasco da Gama alipotia nanga.

Sisi twawashauri mgawe enzi kwa maswali matatu. Watu walipata chakula chao kwa njia gani? Nani alimtawala nani, na kwa nguvu zipi? Bidhaa na fikira zilisafiri kwa njia ipi? Majibu yakibadilika katika sehemu kubwa ya dunia, hapo enzi imebadilika.

Kwa swali la kwanza, badiliko kubwa ni kilimo. Kilianza zaidi ya miaka 10,000 iliyopita katika Asia ya Magharibi, kwa ngano na shayiri. China wakapanda mpunga na ulezi wa kwao. Mexico wakafuga nyasi ya mwituni mpaka ikawa mahindi. Na mtama huu tunaoujua ulitokea upande wa Sudan. Andikeni kwamba kilimo kilizuka mahali pengi, wala msiandike kwamba mtu mmoja alikigundua akawafundisha wengine. Chakula kilipozidi mahitaji ya mlimaji, akatokea asiyelima: kuhani, askari, mfalme, na karani wa kuhesabu kodi. Maandishi ya kale kabisa ya Sumer, ya kiasi cha mwaka 3200 K.K., kwa sehemu kubwa ni hesabu za nafaka na mifugo. Karani alimtangulia mshairi.

Dola kubwa za baadaye tuzipite upesi. Kumbukeni China iliyounganishwa mwaka 221 K.K., Bara Hindi chini ya Ashoka, Rumi chini ya Augusto, na kwa Afrika msisahau Aksum, ambayo mfalme wake Ezana alipokea Ukristo katika karne ya 4. Jambo la kushika ni moja: dola hizi zilihitaji barabara, sheria na fedha, na juu ya barabara hizo zikapita dini zilizovuka mipaka ya makabila, yaani dini ya Budha, Ukristo, na kuanzia karne ya 7 Uislamu.

Hapo tunafika kwenye enzi ambayo kwa watu wa pwani hii haihitaji kukaririwa sana. Kuanzia karne ya 8 hivi mpaka ya 15, Bahari ya Hindi ilikuwa soko. Jahazi zilikuja kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, na mfanyabiashara aliyechelewa alisubiri pepo zigeuke. Dhahabu ilitoka bara ya Zimbabwe ikashuka Sofala, ikapita Kilwa. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akausifu mji. Vipande vya vyombo vya China vimefukuliwa Kilwa na Gedi. Mwaka 1415 Malindi ilipeleka twiga kwa mfalme wa China. Upande wa magharibi, Mansa Musa wa Mali alikwenda kuhiji mwaka 1324 kwa dhahabu nyingi hata sifa zake zikafika Ulaya. Lakini njia zinazopitisha hariri hupitisha na maradhi: tauni iliyofika Ulaya mwaka 1347 iliua watu kiasi cha thuluthi moja au zaidi. Basi, mkiulizwa Afrika ya Mashariki ilijiunga lini na biashara ya dunia, anayeandika 1498 amekwisha kupoteza alama.

Enzi inayofuata ndiyo tunayotaka mkae nayo usiku kucha, kwa kuwa maswali mengi hutoka humo. Mwaka 1492 Columbus alifika Amerika. Tazameni kwanza sahani zenu. Mahindi, muhogo, karanga, nyanya, pilipili kali, na tumbaku anayovuta babu, vyote vilitoka Amerika. Kabla ya mwaka huo hapakuwa na shamba la mahindi Afrika nzima. Ugali mweupe ambao watu huapa kuwa ni chakula cha mababu ni mgeni wa miaka mia tano isiyotimia. Mababu walisonga wa mtama, wa uwele na wa ulezi.

Kwa upande wa pili, Wazungu waliingiza Amerika ndui na surua, maradhi ambayo wenyeji hawakuwa na kinga yake, nao wakafa kwa mamilioni. Ardhi ikabaki, madini yakabaki, mikono ikapungua. Mwaka 1545 fedha ikaonekana katika mlima wa Potosí, na mashamba ya miwa yakaenea Brazil na visiwa vya Karibi. Shikeni hapo sababu, ndugu zetu: miwa ilihitaji watu, na watu walinunuliwa Afrika. Katika muda wa karne zaidi ya tatu Waafrika kiasi cha milioni 12 na nusu walipakiwa merikebuni kuvushwa Atlantiki, na karibu milioni mbili hawakufika. Fedha ya Potosí nayo ilizunguka dunia. Nyingi ilikwenda kununua hariri na vyombo vya China. Mlima mmoja wa Amerika, soko la China, na kijiji kilichochomwa Angola vikaingia katika hesabu moja. Hiyo ndiyo maana ya kusema enzi imebadilika.

Wako watakaopenda tunyamaze hapa, lakini mtihani haunyamazi. Biashara ya watumwa ilikuwapo na upande wetu. Katika karne ya 18 Wafaransa walinunua watu Kilwa kwa ajili ya mashamba ya visiwa vyao, na katika karne ya 19 mikarafuu ya Unguja na Pemba ililimwa na watumwa. Soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Waliokamata na kuuza walikuwamo wafanyabiashara wa pwani na watemi wa bara. Andikeni hivyo bila kupaka mafuta. Jibu linaloficha nusu ya habari halistahili alama zote, na msahihishaji anajua.

Kutoka hapo fuateni uzi wa pamba. Mwaka 1769 James Watt alipata hati ya mashine yake ya mvuke. Viwanda vya Manchester vikaifuma pamba iliyochumwa na watumwa wa Amerika. Uingereza ilipopitisha sheria ya kuondoa utumwa katika makoloni yake mwaka 1833, ililipa fidia ya pauni milioni 20, na fidia hiyo walipewa mabwana. Watumwa hawakupata hata senti. (Haiti walikwisha kujikomboa wenyewe mwaka 1804. Mwanafunzi anayetaja mapinduzi ya Marekani na ya Ufaransa akaisahau Haiti hajamaliza jibu.) Viwanda vikaongezeka Ujerumani na Ufaransa, na kila mmoja akataka malighafi na masoko yake. Meli za mvuke, dawa ya kwinini na bunduki ya Maxim zikarahisisha kazi, na mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 ukaweka masharti.

Angalieni kosa linalorudi kila mwaka: mkutano wa Berlin haukuchora mipaka yote ya Afrika. Uliweka taratibu za kudai nchi. Mpaka wetu na Kenya ulitokana na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya 1886 na 1890. Pia msiandike kwamba Afrika ililala. Wahabeshi waliwashinda Wataliana Adwa tarehe 1 Machi, 1896. Na mwaka 1905 wananchi wa Matumbi waling'oa mimea ya nini? Ya pamba. Wajerumani waliwalazimisha kuilima kwa sababu viwanda vyao havikutaka kutegemea pamba ya Marekani. Vita vya Maji Maji viliendelea hadi 1907, na njaa iliyofuata iliua wengi kuliko risasi. Mwanafunzi anayeweza kutoka mashine ya Manchester mpaka shamba la Matumbi kwa kurasa mbili hana haja ya kuogopa karatasi hiyo.

Karne ya 20 mnaijua zaidi, kwa hiyo tutaigusa tu. Vita vya 1914 hadi 1918 vilipiganwa na hapa, kuanzia Tanga, na wapagazi wengi mno walikufa kwa maradhi na njaa. Jina la Kariakoo linatokana na jeshi lao. Mwaka 1929 masoko yakaanguka. Vita vya pili, 1939 hadi 1945, vikawapeleka askari wetu Burma, nao wakaona kwamba bwana mkubwa naye hupigwa. Kwa swali la uhuru toeni sababu za pande tatu: watawala walichoka na kufilisika, wananchi walijipanga, na dunia ilibadilika. Ya tatu husahauliwa. Bara Hindi ilipata uhuru 1947, nchi 29 zilikutana Bandung mwaka 1955, na mwaka huo huo Nyerere alizungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, kwa kuwa Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wake. Ghana ikafuata 1957, nchi 17 za Afrika mwaka 1960, na Tanganyika tarehe 9 Desemba, 1961. Ugomvi wa Marekani na Urusi uliisha Urusi ya Kisovyeti ilipovunjika mwaka 1991, lakini ulikuwa umewasha moto Angola na Msumbiji.

Neno la mwisho ni juu ya kalamu. Swali likisema "eleza", toeni sababu na mfano. Likisema "jadili", toeni na upande wa pili. Likisema "kwa kiasi gani", semeni kiasi, msikimbilie kusema ndiyo. Sentensi ya kwanza ijibu swali. Habari za "tangu zamani binadamu amekuwa akiishi" zifuteni.

Jumanne ijayo kila mmoja alete kurasa mbili zilizoandikwa kwa mkono, siyo kwa simu, juu ya swali hili: "Je, mwaka 1492 ulibadilisha maisha ya Mwafrika kuliko mwaka 1884?" Tutazisoma kwa sauti. Atakayetaja mahindi bila kutaja mtama tutamrudishia karatasi yake. Sasa aliye na swali asimame.