Njaa ya Nyumbani na Mahudhurio ya Skuli: Somo Kutoka Kibaha na Kisarawe

(Mazungumzo ya Ofisa Habari wa Wizara mbele ya masheha, walimu wakuu, watumishi wa Serikali na wazazi)





Nashukuru kupewa nafasi hii. Niliombwa nizungumze juu ya utoro wa wanafunzi, jambo ambalo kila mwaka hutajwa katika vikao vyetu na kila mwaka huachwa pale pale. Kwa ruhusa yenu, nitaanza na sufuria kabla ya kulifikia daftari la mahudhurio, kwani naamini kwamba mengi tunayoyaandika skuli kuwa ni utoro huanzia jikoni, pale ambapo moto haukuwashwa.

Wahenga wamesema: mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Sisi tunaokaa maofisini na kupokea taarifa za mahudhurio ndio tunaohusika zaidi na methali hiyo. Taarifa hutufikia ikiwa na tarakimu, na tarakimu haina tumbo.

Ndugu wananchi,

Mfano wangu nimeuchukua kwa jirani zetu wa ng'ambo, katika wilaya za Kibaha na Kisarawe, Mkoa wa Pwani. Nimezichagua kwa sababu watu wake wanaishi kama sisi. Ni watu wa muhogo, minazi, mikorosho na mahindi machache, na wanategemea mvua za vuli na masika. Isitoshe, wamekaa karibu na soko kubwa la Dar es Salaam. Mtu angedhani kuwa aliye karibu na soko hawezi kulala na njaa. Lakini soko humlisha mwenye fedha. Asiye nazo hulisogelea kwa kuuza alichonacho, na mara nyingi alichonacho ni nguvu za mikono yake na za watoto wake.

Msimu wa korosho ukifika, mikono midogo huhitajika kuokota. Huko Kisarawe, karibu na misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, biashara ya mkaa huwavuta vijana mapema. Kibaha, iliyopitiwa na barabara kuu ya Morogoro, huwavuta kwa biashara ndogo ndogo za kando ya njia. Masika yakiingia, kuanzia Machi hadi Mei, kazi ya shamba huwa nyingi na akiba ya nyumbani mara nyingi huwa imekwisha. Mama anapokwenda kufanya kibarua kwenye shamba la mwenzake ili jioni arudi na unga, binti mkubwa hubaki kuwalea wadogo. Asubuhi hiyo mwalimu ataita jina la binti huyo, hatasikia jibu, na ataandika kuwa hayupo. Daftari halina mahali pa kuandika kwamba mama yake amekwenda kutafuta unga.

Hapana budi tufahamu njaa ya kaya ni kitu gani. Mkutano wa Dunia wa Chakula uliofanyika Roma mwaka 1996 ulieleza kwamba watu wana uhakika wa chakula pale wote, wakati wote, wanapoweza kupata chakula cha kutosha, salama na chenye lishe. Mwaka 2007 mradi wa Kimarekani uitwao FANTA ulitoa toleo la kipimo chenye maswali 9, ambayo huulizwa kaya kuhusu wiki 4 zilizopita. Swali la kwanza halimuulizi mtu kama amekosa kula. Linamuuliza kama alikuwa na wasiwasi kwamba chakula hakitatosha. Kisha hufuata maswali kuhusu kula vyakula vya namna chache au visivyopendwa, kupunguza sehemu ya mlo na kupunguza idadi ya milo. Ya mwisho huuliza kama kuna mtu aliyelala na njaa, na kama kuna aliyepitisha mchana na usiku bila kula.

Utaratibu wa maswali hayo una fundisho kubwa. Njaa huingia nyumbani kwa ngazi, na kwa kawaida wazazi ndio wanaotangulia kujinyima ili watoto wapate. Kwa hiyo, mtoto anapofika skuli na tumbo tupu, kaya yake imekwisha kuteseka kwa muda mrefu. Nasi twamwandikia barua mzazi, twamwita, twamkaripia mbele ya watu, na pengine twamtishia kumshitaki. Hatukosei kusema kwamba sheria ipo. Tunakosea tunapoifanya kuwa swali letu la kwanza.

Aidha, yupo mtoto ambaye daftari linasema amehudhuria, naye hakuhudhuria. Ametembea mwendo mrefu bila ya kitu kinywani, ameketi, na ilipofika saa nne ameweka kichwa juu ya dawati. Huyo tunamhesabu miongoni mwa waliosoma.

Ndugu Mwenyekiti,

Kibaha haikutupa tatizo peke yake. Mwaka 1963 palifunguliwa pale kituo kilichojengwa kwa ushirikiano wa Tanganyika na nchi za Nordiki, ambacho mwaka 1970 kilikabidhiwa kwa Serikali na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Kituo hicho kilianzishwa ili kupambana na ujinga, maradhi na umaskini, na kwa sababu hiyo skuli, kituo cha afya na mafunzo ya wakulima viliwekwa pamoja. Waliobuni jambo hilo walielewa kwamba mwanafunzi, mgonjwa na mkulima huenda wakawa watu wa nyumba moja. Sisi leo tumewagawa baina ya idara tatu, na idara hizo mara nyingi hukutana kwenye sherehe tu.

Miaka mingi baadaye, Kibaha hiyo hiyo ilikuwa miongoni mwa wilaya 3, pamoja na Bagamoyo na Chamwino, zilizochaguliwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, kwa majaribio ya kuzipa kaya maskini fedha kwa masharti. Malipo yalianza mwaka 2010, na yalitolewa kila baada ya miezi miwili. Vijiji 80 vilihusika: 40 vilianza kwanza na 40 vilisubiri, ili tofauti ipate kuonekana. Mtoto wa umri wa kusoma alitakiwa aandikishwe na ahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za masomo. Watoto wachanga na wazee walitakiwa wapelekwe kliniki. Kamati za vijiji zenyewe ndizo zilizosimamia.

Fedha zile hazikuwa nyingi. Hata hivyo, tathmini ilionesha kwamba kaya zilizopokea ziliongeza mifugo midogo kama kuku na mbuzi, zilijiunga zaidi na mfuko wa afya ya jamii, na wasichana wake walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kumaliza elimu ya msingi. Basi wazazi walioitwa wazembe, walipopata kidogo cha kushika, walinunua kuku na kuwaacha binti zao wasome. Mpango wa kunusuru kaya maskini ulipoenezwa, Unguja na Pemba nazo ziliingizwa.

Lakini fedha ya nyumbani haimaliza saa za mchana. Kwa hilo upo mlo wa skuli. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya India iliamuru kwamba watoto wa skuli za msingi za Serikali wapewe chakula kilichopikwa. Tanzania Bara, tangu ada na michango ya lazima ilipoondolewa Januari 2016, chakula cha mwanafunzi wa kutwa kimebaki kuwa jukumu la mzazi na jamii. Wazazi hukaa, hukubaliana, na kila mmoja huchanga mahindi, maharage au fedha. Huo ni utaratibu mwema, nami nauunga mkono. Haba na haba hujaza kibaba.

Hata hivyo, utaratibu huo una mlango mmoja wa khatari, nami nitausema kwa kisa cha utoto wangu. Tulipokuwa chuoni, kila Alhamisi tulipeleka ada ndogo. Asiye na senti alipeleka kuni. Kulikuwa na mwenzetu ambaye kwao hapakuwa na senti wala mtu wa kukata kuni. Mwalimu hakuwahi kumpiga wala kumfukuza. Mwenyewe tu, ikifika Alhamisi, aliteremka pwani akakaa chini ya mkungu mpaka sote tutoke. Baadaye akaacha na Jumatano. Kisha hatukumwona tena. Alikuwa akihifadhi vizuri kuliko mimi.

Mchango wa unga unaweza kumfanyia mtoto wa leo vivyo hivyo. Asiyechanga akiambiwa akae kando wenzake wanapokula, kesho hatakuja. Chungu kilichowekwa ili kumleta skuli kitakuwa ndicho kinachomfukuza, na atakayefukuzwa ni yule yule aliyekuwa na haja nacho zaidi.

Ndugu wananchi,

Visiwa vyetu vilitangaza elimu bila ya malipo tarehe 23 Septemba 1964. Mwaka 2011 Zanzibar ilitunga Sheria Namba 5 ya Usalama wa Chakula na Lishe, inayoitambua haki ya mtu ya kupata chakula. Haki hizo mbili hukutana katika mwili wa mtoto mmoja. Na kadiri majengo mapya yanavyotuwezesha kuondoka katika mikondo miwili na kuingia mkondo mmoja, mtoto atakaa skuli saa nyingi zaidi kuliko alivyozoea. Ni furaha kubwa kwa elimu. Lakini mtoto aliyekuwa akirudi adhuhuri kutafuta chochote nyumbani, sasa saa hiyo atakuwa darasani. Yafaa tulifikirie jambo hilo kabla halijatukuta.

Kwa hivyo naleta maombi manne, na yote yamo ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, walimu wakuu: mwanafunzi akikosekana siku tatu, sababu iulizwe nyumbani kwa upole na iandikwe. Neno "mtoro" lisitumike kabla ya kuuliza.

Pili, masheha: mnazijua nyumba ambazo moshi hauonekani. Mwalimu na Sheha wakae pamoja angalau mara moja kwa mwezi, waliweke daftari la skuli na orodha ya kaya maskini juu ya meza moja. Majina mengi yatafanana.

Tatu, kamati za skuli zenye mlo wa pamoja: asiye na mchango ale. Aliyejaaliwa aongeze kibaba, na jina la asiyeweza lisisomwe mbele ya watoto. Mzazi asiye na unga anaweza kuchanga maji, kuni au zamu ya kupika, kwa hiari na kwa heshima.

Nne, sisi watumishi wa Serikali: tunapopokea taarifa ya mahudhurio, tuulize imeandikwa mwezi gani. Wanafunzi wakipungua kila mwaka katika majira yale yale, hiyo ni kalenda ya njaa, na msaada uliokuja baada ya mavuno umechelewa.

Ndugu Mwenyekiti, sisemi kwamba kila anayekosa skuli ana njaa. Wapo watoro wa mchezo, na wapo wazazi wasiojali. Hao nao wana dawa yao. Ninachoomba ni kwamba tusiwape dawa hiyo wale ambao ugonjwa wao ni mwingine. Asubuhi ya kesho mwalimu atafungua daftari na ataita majina. Palipo na kimya, na tuulize kwanza kama jana usiku kulipikwa.